Je, Mnene Alaumiwe?

Msomaji, ukimwona mtu mnene kupita kiasi, huenda ukamhukumu moyoni kuwa ni mlafi. Ngoja kwanza. Katika mwaka wa 2015 wataalamu wa Copenhagen, nchini Denmaki, walitangaza habari za wanaume sita wanene waliopasuliwa, matumbo yao yakafanywa madogo. Mbegu zao za uzazi zilichunguzwa kabla ya upasuaji, juma moja baadaye, na tena baada ya mwaka. Jeni zilikuwa zile zile. Lakini alama ndogo za kikemia zilizoshikamana nazo, ambazo huamuru jeni ipi ifanye kazi na ipi ilale, zilikuwa zimebadilika, hasa katika jeni zinazotawala hamu ya chakula.

Watu sita ni wachache, wala haijathibitishwa kuwa alama hizo humfikia mtoto. Hata hivyo swali limekwisha zuka. Ikiwa shibe ya baba huandikwa katika mbegu, lawama ni ya nani? Wako watakaosema si ya mtu yeyote. Mimi sikubali upesi hivyo: kisu cha mganga kiliweza kuyageuza maandishi, basi hayakuwa ya milele. Lakini mtoto hakuishika kalamu. Wewe umchekaye mwenzako darasani kwa unene wake, unamcheka nani?