Maksi za Huruma



Moko ikishapita, kwenye shule zetu nyingi hapa Tanzania kuna kazi inafanyika kimyakimya ofisini. Walimu wanajaza maksi za maendeleo za Kidato cha Nne ili zipelekwe Baraza la Mitihani. Ni kipindi ambacho hata mwanafunzi mkorofi anakuwa na adabu ya ajabu. Shikamoo zinaongezeka, madaftari ya walimu yanabebwa na watu watatu. Na ndicho kipindi cha swali ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja, na wanafunzi na hata na mwalimu mmoja kijana: mwalimu akimwongezea mwanafunzi maksi kwa kumhurumia, je, ametenda wema au amekosa?

Wengi hujibu haraka. Kuna wanaosema huruma haijawahi kuwa dhambi, na Yesu mwenyewe aliwahurumia watu. Wengine wanasema uongo ni uongo, funga mjadala. Mimi sioni kama tunaweza kujibu kabla hatujajua maksi yenyewe ni kitu gani. Tunalia na kushangilia matokeo kila mwaka, lakini ukimuuliza mtu divisheni yake imetokeaje, anabaki anakuangalia.

Basi iko hivi. Kwa mwanafunzi wa shule, katika maksi 100 za somo, 70 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho wa NECTA. 30 zilizobaki ni za maendeleo, zinazokusanywa njiani: Upimaji wa Kidato cha Pili, mitihani ya mihula, moko, kazi za mradi. Ukipata 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo ni F. A inakupa pointi 1, B pointi 2, hivyo hivyo mpaka F yenye pointi 5. Wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, wanajumlisha. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 ni tuu, 22 hadi 25 ni thrii, 26 hadi 33 ni foo, na 34 au 35 ni ziro. A, B na C ndizo tunazoziita krediti, na bila krediti tatu huchaguliwi kwenda Kidato cha Tano cha serikali. Krediti ya somo la dini haihesabiwi hapo. (Ndiyo, ndugu yangu wa Bible Knowledge. Mungu ameiona A yako, TAMISEMI haina habari nayo.)

Sasa chukua wanafunzi watatu. Petro ana 64 katika kila somo kati ya saba. Maria ana 45 katika kila somo. Yohana ana 44. Petro anapata C saba, pointi 21, divisheni tuu. Maria naye anapata C saba, pointi 21, divisheni tuu. Yohana anapata D saba, pointi 28, divisheni foo. Kati ya Petro na Maria kuna tofauti ya maksi 133, na cheti kinasema wako sawa. Kati ya Maria na Yohana kuna tofauti ya maksi saba tu kwa masomo yote, na cheti kinasema mmoja anasonga mbele na mwingine hana krediti hata moja. Nimeweka mfano mkali makusudi, lakini mstari upo, na kila mwaka kuna watu wanaangukia upande huu au ule wa mstari kwa maksi moja.

Mwalimu anaujua mstari huo vizuri kuliko wewe. Anajua kwamba maksi za maendeleo akiziandika 26 badala ya 19 zilizo kweli, huenda amemvusha Yohana. Na anamjua Yohana: anatembea kilomita sita kuja shule, mama yake anauza vitumbua, jioni anasomea taa ya simu. Usimwone mwalimu huyo kama tapeli. Mara nyingi ni mtu mwenye moyo.

Hapa huwa tunakimbilia ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20. Waliofanya kazi saa moja wamelipwa sawa na waliochomwa na jua kutwa. Si ndiyo maksi za huruma zenyewe? Mimi nasema hapana, na sababu iko ndani ya mfano wenyewe. Yule mwenye shamba alitoa fedha yake. Aliyefanya kazi kutwa alipata yote aliyoahidiwa, hakupunguziwa hata senti. Mwalimu anayeongeza maksi anatoa mfukoni mwa nani? Maksi si mali yake. Na nafasi za Kidato cha Tano, hasa kwenye tahasusi zinazogombewa na shule zenye mabweni mazuri, zina idadi. Yohana akiingia kwa maksi zisizo zake, kuna binti mahali fulani, labda Kigoma, labda Newala, ambaye naye mama yake anauza vitumbua, na mwalimu wake hakuongeza kitu. Yeye ndiye aliyelipa huruma ile, na hakuna aliyemuuliza.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliligusa jambo hili karne ya 13 bila kufikiria mtihani wowote wa taifa. Anauliza kama huruma inavunja haki, na anatoa mfano wa mtu anayedaiwa dinari mia lakini akalipa mia mbili kutoka katika mali yake. Mtu huyo hakuvunja haki, ameipita kwa ukarimu. Uzito wote uko kwenye hayo maneno kwamba ametoa katika mali yake. Ukitoa cha mwingine, hata kwa machozi, hujawa mkarimu.

Halafu maksi ni ushahidi. Mwalimu anapoandika 26 anamwambia mtu ambaye hajamwona Yohana: nimempima kijana huyu, na hiki ndicho nilichokuta. Kwa hiyo tuko ndani ya Amri ya Nane, hata kama ushuhuda wenyewe unamsaidia jirani badala ya kumwumiza. Tena unamsaidia kwa muda mfupi tu. Akifika Kidato cha Tano na C ya fizikia ambayo haikuwahi kuwepo, atakaa miaka miwili akidhani ana akili nzito, kumbe alipandishwa gari lisilo lake.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu vijana wa sasa hawadanganyiki kirahisi. Utasema: hiyo rula yenyewe si inabadilishwa kila siku? Kweli kabisa. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalileta kilio nchi nzima, maana zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro. Serikali ikaunda tume, na Mei 2013 ikaagiza matokeo yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika 2011. Karatasi zilikuwa zile zile, majibu yale yale, mwandiko ule ule. Lakini maelfu waliolala na ziro wakaamka na divisheni foo, na wengine wakapanda zaidi. Mwaka uliofuata mipaka ya madaraja ikaguswa tena, kukaja B+ na E. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa GPA, watu wakawa na Distinction na Merit. Matokeo ya 2015 yakarudi kwenye divisheni. Sasa kama wakubwa wanaweza kumfufua mtu kutoka ziro kwa kikao, mwalimu wa kijijini akiongeza maksi saba ana kosa gani?

Pingamizi hili lina nguvu, na linatufundisha kitu: ziro haikuwahi kuwa jina la mtu. Waliopata ziro Februari na foo Mei walikuwa watu wale wale, na kama kuna aliyejiona takataka kwa miezi ile mitatu, aliamini rula kuliko inavyostahili kuaminiwa. Lakini halimtetei mwalimu. Nenda buchani. Zamani nyama ilipimwa kwa ratili, siku hizi kwa kilo. Kipimo kilipobadilika, kilibadilika kwa soko zima, waziwazi, na kila mtu akajua kilo ni nini. Muuza nyama akibonyeza mizani kwa kidole ili amfurahishe rafiki yake, hilo ni jambo jingine kabisa, hata kama kilo yenyewe ilipangwa na binadamu. Biblia ina maneno makali sana juu ya mizani ya hila, na haisemi kwamba inakuwa halali ikimpendelea maskini.

Kinachonihuzunisha zaidi ni historia ya hizo maksi za maendeleo. Mwalimu Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba mitihani inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliopangwa, na kwamba haipimi tabia ya mtu wala utayari wake wa kutumikia. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi ya mwanafunzi ya kila siku na mwenendo wake navyo viwe na uzito, asihukumiwe kwa karatasi ya saa tatu peke yake. Ndiyo mizizi ya maksi hizo. Ziliwekwa ili kuheshimu jasho la kila siku, la yule anayefanya zoezi hata siku ambayo hakuna anayesahihisha. Na hapo hapo ndipo pamekuwa mahali rahisi pa kuchezea. (Kuhusu kuipa tabia maksi, mimi nina shaka. Ukianza kupewa alama kwa unyenyekevu utaona watu wakinyenyekea mbele ya dirisha la ofisi, kama wale waliokuwa wanasali kwenye pembe za njia ili waonekane.)

Na tusiite kila nyongeza huruma. Mara nyingine shule inapandisha darasa zima ili wastani wake upendeze na wazazi walete ada. Walipotangaza matokeo ya 2022, Januari 2023, NECTA waliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Mimi niliona ni sawa, ingawa mabango ya barabarani hayajapungua.

Kuna jambo baya zaidi, na nitalisema wazi kwa ajili ya mabinti wanaosoma hapa. Maksi ikishageuka kuwa zawadi iliyo mfukoni mwa mwalimu, siku moja itakuwa na bei. Leo anatoa kwa sababu amekuonea huruma, kesho mwenzake anatoa kwa sababu unakubali kumfuata nyumbani. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo. Hudaiwi chochote kwa maksi uliyoifanyia kazi. Mwambie mzazi, mwambie mlezi wenu wa TYCS, mwambie sista unayemwamini, na usisubiri mpaka matokeo yatoke. Wanaosema tusibane sana kwenye maksi za huruma nawaomba wafikirie mlango wanaouacha wazi.

Je, basi mwalimu hana pa kuweka huruma yake? Anapo pengi, ila si kwenye kile kisanduku cha namba. Yule mwalimu kijana aliponiuliza, nilimuuliza nami kama amewahi kuirudia karatasi ya Yohana. Akasema hapana, anasahihisha karatasi nyingi mno, usiku, amechoka. Nikamwambia airudie. Aisome polepole, swali kwa swali, aone kama kuna hatua ya hesabu aliyoikata kwa sababu jibu la mwisho lilikosewa, au sentensi aliyoipita kwa sababu mwandiko ni mbaya. Kama ipo, ampe, kwa kuwa ni ya Yohana, ilikuwa yake tangu alipoiandika. Na azirudie za wengine waliokaribia mstari pia, isiwe ya Yohana peke yake. Kama haipo, aandike 19.

Baadaye alinipigia. Alikuta maksi mbili kwa Yohana, na tatu kwa mwanafunzi mwingine ambaye hakuwa anamfikiria kabisa. Aliandika 21. Kisha akawaambia wote wanaokaa karibu na mstari waje Jumamosi saa mbili asubuhi, bure, mpaka wiki ya mtihani. Siku ya kwanza walikuja wanne. Yohana alichelewa, alikuwa amempelekea mama yake vitumbua stendi.