Gango

“Mama, mimi nitaushika tu. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe.”

Daktari alimjibu hivyo jirani yangu, ambaye mwanawe wa bodaboda alivunjika paja kwenye barabara ya Wang'uru kwenda Embu, hapa kwetu Mwea, Kenya, msimu wa kupandikiza mpunga. Mama alitoka amefadhaika: alikwenda kutafuta mponyaji, akapewa mshikaji. Mimi jibu lile sijaliacha.

Kiswahili kinalo jambo hili tangu zamani. Kuganga ni kutibu; kuganga pia ni kushikiza pamoja vitu vilivyoachana, na gango ndilo linaloshikiza. Ukilifuata neno, mganga ni yule anayezileta pande mbili karibu na kuzizuia zisiachane tena. Yanayobaki si yake.

Tazama mfupa unavyofanya. Damu huvuja palipovunjika, ikaganda. Mahali pale huvimba, na uvimbe huo tunaoulaani ndio mwito wa kwanza wa ujenzi. Baada ya wiki chache hutokea gegedu laini, kisha gegedu hugeuka mfupa mgumu, mnene kuliko ule wa awali. Halafu, kwa miezi na hata miaka, seli za kubomoa hula kilichozidi na seli za kujenga hufuata nyuma yao, mpaka mfupa urudie umbo lake. Ngozi iliyokatika huacha kovu. Mfupa huziba pengo lake kwa mfupa. Paja la mtu mzima huchukua miezi mitatu, minne au zaidi: karibu muda wa mpunga wa pishori kutoka kitaluni hadi mavuno.

Pande zikichezacheza mno, haziungi. Lakini mguu ukilazwa tu bila kubeba chochote, mfupa hukonda. Mwaka 1892 daktari Mjerumani, Julius Wolff, aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Basi aliyevunjika anahitaji kushikwa, na anahitaji mzigo wa kadiri yake. Sisi tunaowapenda waliovunjika hukosea hapa mara nyingi: tunawapokonya kila kazi, tukiita hiyo huruma.

Washikaji wenyewe wanalijua hilo. Kwa miaka mingi madaktari wa mifupa kutoka nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, wamekuwa wakikutana Richland, jimbo la Washington, Marekani, kwenye mkutano wa shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Shirika hilo hutoa msumari wa chuma wa kuingizwa ndani ya mfupa mrefu, uliobuniwa uweze kuwekwa hata pasipokuwa na mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Madaktari wake hufuatilia wagonjwa kwa eksirei, na kwa picha ya namna nyingine: mgonjwa amechuchumaa, anatabasamu. Kipimo hicho kimechunguzwa hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Eksirei huuliza kama mfupa umeunga. Kuchuchumaa huuliza kama mtu amerudi: jikoni, msalani, shambani. Mwea, ambako anayepandikiza hushinda ameinama topeni, swali la pili ndilo lenye uzito.

Na Mwea inajua kuvunjika kusikotokana na ajali. Mifereji ya kwanza ya mpunga ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, vita vya kupinga ukoloni wa Waingereza, na katika kambi za uwanda huu watu walipigwa ili wakiri kiapo cha vita hivyo na wakikane. Sasa, mfupa usioletwa karibu na mwenzake hauungi. Mwili hujitengenezea kiungo cha uongo, na mtu akajifunza kuishi na mvunjiko wake. Kwa zaidi ya nusu karne, ukimya ulikuwa kiungo hicho. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa. Fedha haiungi mfupa. Lakini kilichotendeka kilitamkwa mbele ya waliotendewa, na kutamka huko ndiko kushika: pande zilisogezwa karibu, ingawa wengi walikwisha kuzikwa na mvunjiko wao.

Mpunga ulipoanza kuchanua masuke, jirani yangu alimtoa mwanawe ndani, akamketisha kwenye tuta na kumpa kazi ya kufukuza ndege. Watu walinong'ona kwamba hana huruma. Siku moja nilimwona kijana akiweka mkongojo chini, akainama polepole kuokota bonge la udongo la kuwarushia ndege. Mama alisimama hatua moja nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa.

Alikuwa amemwelewa daktari.