Mchango wa msiba uandikwe wapi?
Hapa Mbeya nimejaribu programu mbili za bajeti kwenye simu. Zote zinataka nichague: chakula, nauli, kodi, starehe. Nikituma 20,000 ya msiba Iringa kwa M-Pesa, inaangukia "mengineyo", na mwisho wa mwezi naonywa: punguza mengineyo!

Je, rambirambi ni hela iliyopotea? Vikoba vyetu havisemi hivyo. Mbali na hisa, mwanachama huchangia mfuko wa jamii, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Una safu yake daftarini, na kiwango chake kinajulikana.

Kwa hiyo nachagua programu itakayoniruhusu kuongeza safu yangu: "Watu". Na kiwango nitaiwekea, maana mshahara ni uleule. Wewe mwenzangu unaiandika wapi?