Saini Bila Miwani

Mzee mmoja wa Mutanga Sud, Bujumbura, alikwenda Brussels kumwona mjukuu wake wa kwanza. Siku ya kurudi nyumbani alifika uwanjani mapema, sanduku likapimwa likaenda. Kufika langoni, akaambiwa ndege imejaa: shirika lilikuwa limeuza tiketi nyingi kuliko viti.

Mhudumu alikuja na tabasamu na kalamu. "Mzee, usihangaike, utaondoka kesho. Leo tunakupa hoteli, chakula na vocha ya euro 200. Weka saini hapa."

Miwani ya kusomea ilikuwa sandukuni. Mzee akaona haya kuomba asomewe. Akatia saini, akashukuru.

Nyuma yake alisimama binti Mrundi, mwanafunzi, naye kakosa kiti. Kabla ya kushika kalamu akauliza, "Nikisaini, ninaachia nini?" Mhudumu akababaika. Karatasi ilisema abiria ameacha kiti chake kwa hiari. Binti akairudisha.

Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, humlinda abiria anayeondokea uwanja ulio ndani ya Umoja huo, shirika liwe la nchi yoyote. Mwenye tiketi iliyothibitishwa, aliyewahi, akizuiwa kupanda bila ridhaa yake na kufikishwa kesho yake, hulipwa euro 600 ikiwa safari inazidi kilomita 3,500. Hulipwa fedha, vocha ni mpaka akubali kwa saini. Hoteli na chakula ni juu ya shirika.

Walilala hoteli moja, wakapanda ndege moja. Binti alilipwa euro 600. Vocha ya mzee iliisha muda ndani ya kabati, Mutanga Sud, kwani hakusafiri tena. Barazani alisema kilichomuuma si fedha tu: ile hoteli aliyoishukuru ilikuwa haki yake hata asingesaini. Walimnunua kwa mali yake mwenyewe.

Ukiondokea Bujumbura kwenda nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni hiyo hulifunga shirika la Umoja huo peke yake. Kwa mashirika mengine, soma masharti ya tiketi kabla ya kulipa. Popote utakapozuiwa, tunza tiketi yako na udai sababu kwa maandishi. Kuuliza si ujinga. Na miwani, msafiri mwenzangu, ikae mfukoni, si sandukuni.