Haki ya Kujibiwa
Mjini Songea, asalimiwaye asijibu huhesabiwa hana adabu. Lakini mgonjwa wa skizofrenia husalimu asijibiwe, wala hakuna aonaye aibu. Eugen Bleuler, alipoupa ugonjwa huo jina hili mwaka 1908, alikataa fikira kwamba mwisho wake hauna budi kuwa kupotewa na akili. Waketipo kivulini wagonjwa wawili, mmoja hunena, mwenziwe hungoja zamu, humwita ndugu, humwomba tumbaku. Mazungumzo yao hukatika. Ya wazima, je, hayakatiki? Apelekwaye Mirembe, hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, hupata dawa, na dawa ni lazima. Lakini Kingoni chake huweza kukosa msikizi. Arudipo, sauti alizozisikia peke yake zimekwisha kutulia, majirani humwuliza mama yake hali ya mgonjwa, naye mwenyewe amesimama papo hapo.