Usalama wa Nani?

Msomaji, kuchagua kisu cha kukunja si jambo dogo kama linavyoonekana. Chukua kile cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa Savoie, Ufaransa, mnamo 1890: mpini wa mti na bapa moja, basi. Kilipendwa, ila ukikikandamiza vibaya kiliweza kujikunja juu ya vidole vyako. Mwaka 1955 ikaongezwa pete shingoni mwa mpini. Ukiizungusha, bapa halirudi.

Mnunuzi atasema, hiki ndicho salama. Lakini sheria ya Uingereza ya 1988 huruhusu kutembea hadharani na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na baadaye mahakama iliamua kwamba kinachojifunga hakimo katika ruhusa hiyo. Mwenye nacho lazima awe na sababu nzuri.

Wengine hucheka: yaani kinacholinda vidole ndicho kinachoshukiwa! Mimi sicheki. Bapa lisilorudi humlinda mshikaji, awe anamenya chungwa au anamchoma mwenzake. Ningenunua chenye pete, maana vidole vya uzee havina nguvu. Lakini nikienda sokoni kingebaki jikoni, hata pale ambapo hakuna askari wa kuniuliza.