Kula kwa Pesa Yako

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia mhariri amekukabidhi ukurasa wa chakula, nawe umenuna. Ulitaka siasa. Ulitaka kukaa Dodoma uandike waziri kasema nini. Nakuelewa. Mimi nilipopewa ukurasa huohuo niliuona adhabu, maana siku zile chumba chetu cha habari kiliuita "ukurasa wa akina mama", ukabanwa kati ya fumbo la maneno na matangazo ya vifo. Nilikaa nao miaka kumi na moja. Sasa nimestaafu, magego yamekwenda, lakini ulimi bado upo, kwa hiyo nisikilize.

Nianze na aibu yangu. Hoteli moja mjini ilifungua mgahawa mpya, waandishi tukaalikwa. Pilau ililetwa kwenye sinia la shaba, nyama inajiachia yenyewe kwenye mfupa, kachumbari imekatwa nyembamba kama nyuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningejiuliza mapema kwa nini wanatuita. Wakati wa kuondoka kila mmoja akashikishwa bahasha ya nauli. Nikajaza sifa nusu ukurasa. Baada ya wiki mbili ikaja barua ofisini, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Bwana mmoja alikuwa amesoma makala yangu, akampeleka mkewe pale, akaletewa wali mkavu na vipande viwili vya mfupa. Aliuliza swali moja tu: pilau uliyokula wewe ilipikwa kwenye sufuria gani? Sikuwa na jibu. Na ile nauli nilikuwa nimeshaila.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za mwanamke aliyelifanya swali lile kuwa kazi yake. Anaitwa Ruth Reichl, mzaliwa wa New York mwaka 1948. Mama yake hakujali kama chakula kimechacha. Kikiota ukungu alikwangua juu, akaandaa. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Tender at the Bone, kilichotoka mwaka 1998, Ruth anasimulia karamu ya uchumba wa kaka yake, ambayo wageni waliumwa matumbo baada ya kula, na jinsi yeye, mtoto mdogo, alivyojipa zamu ya kuwakinga wageni na sahani za mama yake. Wengine hujifunza kuonja kwa raha. Yeye alijifunza kwa hofu, na nadhani ndiyo maana ulimi wake haukudanganyika kirahisi.

Chuo Kikuu cha Michigan alisomea historia ya sanaa, si upishi wala uandishi. Miaka ya 1970 alikuwa Berkeley, California, akipika katika mgahawa uliomilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1984 akaingia Los Angeles Times, na mwaka 1993 New York Times ikamchukua awe mhakiki wake wa migahawa. Kabla hata hajaanza kazi, alipata habari kwamba picha yake imeshabandikwa jikoni mwa migahawa mikubwa ya jiji, wahudumu wamtambue akiingia tu. Wewe na mimi tungevimba kichwa. Yeye akanunua wigi.

Akajigeuza mwalimu mstaafu kutoka Michigan, akajiita Molly, akaenda Le Cirque, mgahawa wa wenye nazo pale Manhattan. Ulikuwa na nyota nne, cheo cha juu kabisa katika gazeti lile. Molly akasubirishwa, akapewa meza mbaya, na orodha ya mvinyo aliyokuwa akiisoma ikachukuliwa mikononi mwake ikapelekwa kwingine. Baadaye akarudi na sura yake wanayoijua. Mwenye mgahawa akamwambia Mfalme wa Hispania anasubiri baa, lakini meza yako, bibi, iko tayari. Hata rasiberi za kitindamlo siku hiyo zilikuwa kubwa mara tatu. Oktoba 1993 akachapisha yote mawili, alivyopokewa Molly na alivyopokewa Ruth, akaondoa nyota moja.

Angalia hapo, mpwa wangu. Hakusema wapishi hawajui kupika, maana nyota tatu bado ni sifa kubwa. Alichofichua ni kwamba jiko moja lilikuwa na sufuria mbili. Yule bwana wa barua angemwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Utasema gazeti lako halina hela ya kukurudisha mahali pamoja mara tatu. Najua, na halitakuwa nayo. Basi kula panapolingana na mfuko wako. Jonathan Gold wa Los Angeles, kijana mpiga selo aliyekuwa akisahihisha prufu, aliweka nia ya kula kila mgahawa ulioko kwenye barabara moja ndefu, Pico Boulevard. Mingi ilikuwa midogo, ya wahamiaji. Mwaka 2007 akapata tuzo ya Pulitzer, wa kwanza kuipata kwa kuhakiki migahawa.

Pico yangu mimi ilikuwa benchi moja Magomeni, kwa mama wa vitumbua. Mchele wake ulilowekwa tangu jana mchana, ukasagwa na tui na iliki, ukaachwa uumuke usiku kucha. Cha kwanza kutoka kwenye chuma alikiweka pembeni, hakiuzi, kwa sababu chuma hakijapata moto sawasawa. Nilikunywa chai pale miezi mingi bila kuandika neno. Asubuhi moja nikaona vitumbua vimekuwa bapa. Chuma kilekile, mashimo yaleyale, bei ileile, lakini upawa wa kumiminia ulikuwa mwingine, mdogo zaidi. Nikamuuliza. Akacheka, akasema mchele umepanda, akipandisha bei wateja watahama, kwa hiyo amepunguza upawa. Nikaenda kwa wauza maandazi, nikaenda kwa mama ntilie watatu: kote mikono ilikuwa imeshakuwa mizito. Makala niliyoiandika ilitoka ukurasa wa mbele, juu ya hotuba ya waziri. Wenzangu wa siasa walikuwa bado wanasubiri takwimu.

Ndiyo maana nakuambia usinune. Lakini hutaona upawa umebadilika kama unakula kwa mwaliko, na hutaona kama umekwenda mara moja. Bahasha ikija, irudishe mbele ya watu, kwa adabu, useme asante. Mara ya kwanza utaonekana una maringo. Mara ya tatu hawatakuletea tena.

Yule mama hayupo. Chuma sasa anakishika binti yake, kwenye benchi lilelile, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nenda kesho. Lipa kama wengine, na usimwambie unatoka gazeti gani.